Joseph Thomson: Mskoti aliyekwea Longonot kabla ya reli kufika

Kila mwisho wa juma, mabasi ya shule na magari ya vijana kutoka Nairobi, Nakuru na Naivasha huegeshwa mbele ya lango la Mbuga ya Kitaifa ya Longonot. Wageni hushika njia ya vumbi ya kiasi cha kilomita tatu kupanda mlima. Wafikapo ukingoni husimama kimya kwa muda, kwani mbele yao ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa, mahali ambapo mtu angetarajia mawe matupu, huonekana msitu wa kijani uliojifungia peke yake ndani ya shimo. Wenye nguvu huendelea kuuzunguka ukingo, mwendo wa kilomita saba na ushei, wakipitia kilele chenye kimo cha mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Jioni hurejea makwao.

Katika nusu ya pili ya mwaka 1883, kijana wa miaka 25 kutoka Uskoti aliupanda mlima huo huo, wakati ambapo hapakuwa na lango wala njia ya kumwongoza. Jina lake lilikuwa Joseph Thomson. Wakenya wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya maporomoko ya maji ya Nyahururu na kwa sababu ya yule mnyama mwepisi anayeitwa swala tomi, lakini mwenyewe amebaki kuwa mtu asiyefahamika sana.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake aliendesha machimbo ya mawe, na inaelekea kuwa hapo ndipo mtoto alipojifunza kuutazama mwamba na kujiuliza umetoka wapi. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh chini ya Archibald Geikie, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa elimu hiyo katika zama zake. Elimu hii ndiyo iliyomtofautisha na wasafiri wengi waliomtangulia Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa wanajeshi, wamishonari au wawindaji. Mlima kwao ulikuwa kizuizi cha njia, ilhali yeye aliuona kama kitabu.

Safari yake ya kwanza ilianza kwa msiba. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kufungua njia kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Thomson akaandamana naye kama msaidizi. Johnston aliugua na kufariki dunia Juni 1879 huko Behobeho, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Thomson, aliyekuwa na miaka 21, akajikuta kiongozi wa msafara mzima katika bara asilolijua. Angeweza kurudi Zanzibar bila mtu yeyote kumlaumu. Aliendelea mbele, akafika maziwa yote mawili, na alipokuwa njiani kurudi akaliona Ziwa Rukwa.

Sifa za ushindi huo alipewa yeye, ingawa haki inadai kutaja jina jingine. Mnyapara wa msafara alikuwa James Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Chuma alizijua njia na lugha, na alijua namna ya kuwatuliza wapagazi waliochoka na machifu waliokasirika. Bila yeye ni vigumu kuona jinsi kijana wa miaka 21 angalivyofika popote. Chuma alifariki dunia mwaka 1882 kisiwani Zanzibar, kabla Thomson hajarejea kwa safari iliyompa umaarufu.

Kabla ya safari hiyo, Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri Thomson mwaka 1881 kuchunguza iwapo kulikuwa na makaa ya mawe katika bonde la mto Ruvuma. Sultani alitarajia utajiri. Thomson aliyatazama mawe, akarudi na jibu ambalo halikumfurahisha mwajiri wake: hapakuwa na makaa ya maana.

Safari ya Umaasaini ilianza Mombasa Machi 15, 1883. Mzungu mwenziwe mmoja tu aliyekuwamo alikuwa baharia kutoka Malta aliyejulikana kama James Martin. Waliosalia, zaidi ya watu mia moja, walikuwa wapagazi na askari wa pwani na Visiwani, miongoni mwao Makatubu, aliyewahi kusafiri na Thomson hapo awali, Brahim, na mkalimani Muhinna. Mizigo yao ilikuwa ushanga, nguo na seng'enge, yaani hongo ya kulipa kila palipokuwa na mwenye nchi.

Mwezi uliofuata walikuwa chini ya Kilimanjaro. Hapo Thomson alifanya jambo linaloonyesha tabia yake barabara. Alitoka kwa Mangi Mandara wa Moshi, akaingia msituni kwa nia ya kupanda mlima na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa saa kadhaa alipenya kwenye msitu mnene na ukungu, akafikia kimo cha mita 2,700 hivi, na jua likamlazimisha kugeuka. Theluji ya kilele ilikuwa bado mbali kupita nusu ya njia. Mtu huyu ndiye aliyependa kutaja msemo wa Kitaliano unaolingana na ule wetu kuhusu mwenda pole kutojikwaa! Yaelekea mlima ulikuwa kitu pekee kilichomsahaulisha msemo huo.

Jaribio la kwanza la kuingia Umaasaini lilishindikana. Muda mfupi kabla yake, daktari Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amepita na msafara wake na kugongana na wenyeji, na morani walikuwa na hasira. Thomson alipima hali, akarudi nyuma usiku, akaenda tena pwani kuongeza mizigo. Julai alianza upya kutoka Taveta, mara hii akiongozana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Njia ambayo vitabu vya Ulaya vilisema imefunguliwa na Thomson ilikuwa tayari njia ya biashara ya Waswahili, yenye vituo, visima na majina yake. Mahali pa mianzi juu ya Naivasha, ambapo misafara ilipumzika na kununua chakula kwa Wakikuyu, paliitwa Mianzini na watu wa pwani kabla Thomson hajapasikia.

Msafara ulipita Ngong, ukateremka katika bonde na kuelekea Naivasha. Hapo Longonot ukasimama mbele yao.

Ili kuelewa kwa nini alipanda, ni vizuri kukumbuka maisha ya kambini yalivyokuwa. Tangu asubuhi hadi jioni hema lake lilizungukwa na morani waliotaka kumwona, kumgusa nywele, kumvua viatu na kudai hongo. Alilazimika kukaa mbele ya watu kama kitu cha maonyesho, akitabasamu, kwa kuwa ghadhabu moja ingeweza kuuponza msafara mzima. Aliwahi hata kuyachomoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha kinywani, na kuchemsha chumvi ya dawa ya tumbo katika maji, ili adhaniwe kuwa mganga. Mizaha hiyo ilimwepusha na vita. Msomaji wa leo, hata hivyo, hawezi kuisoma bila kuona dharau iliyofichika ndani yake. Mlimani hapakuwa na wa kumdai ushanga. Haielekei kuwa kosa kudhani kwamba mapando yake mengi yalikuwa pia saa za kupumua.

Alipofika juu aliona alichokuwa hakukitarajia. Aliamini anapanda mlima. Akajikuta kwenye mdomo wa shimo kubwa la volkeno, ukingo wake mwembamba kiasi kwamba aliweza kuukalia kama mtu akaaye juu ya punda, mguu mmoja ukining'inia shimoni na mwingine nje ya mlima. Baadaye aliungama kitabuni kwamba kina kile kilimvuta, akahisi hamu ya ajabu ya kujitupa ndani, ikabidi ajizuie. Wapandaji wa Longonot wa siku hizi wanaijua hisia hiyo, hasa upepo wa alasiri unapovuma.

Wamaasai wa eneo hilo hawakuhitaji kuambiwa mlima ule ni nini. Jina lenyewe, Oloonong'ot, lasimulia matuta na makorongo yaliyoukunja pande zote, na wazee walihifadhi kumbukumbu ya moto wa mlima huo katika karne hiyo hiyo ya 19. Ng'ombe walilishwa kwenye miteremko yake. Alichokileta Thomson kilikuwa namna nyingine ya kutazama: kusimama juu, kuiona nchi yote kwa pamoja na kuiandika. Kaskazini ni Ziwa Naivasha, mashariki ukuta wa Kinangop, magharibi ukuta wa Mau. Alitambua kwamba alikuwa ndani ya mfereji mkubwa wa ardhi uliopangwa milima ya moto. Hakuimaliza maana yake. Miaka 10 baadaye, mwaka 1893, Mwingereza J. W. Gregory alipita hapo hapo akaeleza jinsi ardhi ilivyopasuka na kutumbukia, na ndiye aliyelipa Bonde la Ufa jina linalotumika duniani kote.

Kutoka Naivasha aliacha sehemu kubwa ya msafara iende na Martin na Kimemeta kuelekea Baringo, naye na watu wachache akapanda uwanda wa Laikipia. Safu ya Nyandarua akaiita Aberdare, kwa heshima ya bwana aliyekuwa rais wa chama kilichomtuma, mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga. Aliuona Mlima Kenya kwa karibu kuliko Mzungu yeyote kabla yake, na hivyo kuzima mabishano ya Ulaya kuhusu habari za theluji alizozileta mmishonari Krapf mwaka 1849. Aliyaona pia maporomoko ya Nyahururu, yenye kimo cha zaidi ya mita 70. Kisha, ukingoni mwa Laikipia, bonde likafunguka tena chini yake na Ziwa Baringo likimetameta katikati. Katika safari yote huenda hapakuwa na mandhari iliyomgusa kuliko hiyo.

Alivuka Kamasia na genge la Elgeyo, akakata tambarare ya Uasin Gishu, akapita Kwa Sundu, mji uliokuja kujulikana kama Mumias, na Desemba akafika Ziwa Viktoria. Mlima Elgon aliutembelea wakati wa kurudi na kuyashangaa mapango yake, ambamo watu waliishi na mifugo yao. Kisha, siku ya mwisho ya mwaka 1883, nyati aliyejeruhiwa kwa risasi alimrusha juu kwa pembe. Alipona, lakini baada ya jeraha kukaja ugonjwa wa kuhara damu, na mtu aliyekuwa akipanda milima kwa mapenzi akawa mzigo wa kubebwa.

Hapo ndipo safari yake inapokaribia Keringet. Akiwa hajiwezi, alisafirishwa kusini kutoka Baringo kupitia Nakuru na Elmenteita, ukuta wa msitu wa Mau ukiwa mkono wake wa kulia. Nyuma ya ukuta huo, upande wa magharibi, ndiko yaliko mashamba ya chai na viazi ya Keringet, eneo lililomlea bingwa wa mbio Faith Kipyegon. Wakati ule ilikuwa nchi ya Wakipsigis, na ya Waogiek waliofuga nyuki na kuwinda chini ya miti, watu ambao misafara iliwaita Wandorobo. Thomson hakupanda huko. Aliutazama msitu kutoka chini, kama utepe mweusi juu ya bonde. Utepe huo leo umetoboka, kwani kikosi kazi cha serikali kilikadiria mwaka 2009 kwamba zaidi ya hekta 100,000 za msitu wa Mau, takriban robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika miongo miwili iliyotangulia.

Alilala Mianzini kwa majuma mengi, akichungulia mauti. Watu wa pwani ndio waliomlisha na kumbeba. Mwezi wa Mei 1884 aliingia Rabai akiwa hai.

Kitabu chake kuhusu Umaasaini kilitoka mwaka 1885, na mwaka huo alitunukiwa nishani ya dhahabu ya chama chake. H. Rider Haggard, aliyechapisha King Solomon's Mines mwaka huo huo, alimpa mmoja wa mashujaa wake meno ya bandia yanayowatisha wenyeji, na Thomson hakupendezwa. Mwaka 1888 naye alichapisha riwaya, Ulu, akishirikiana na mwandishi mwingine, lakini haikupata wasomaji wengi.

Jambo alilojivunia zaidi ni kwamba katika safari zake hakuwahi kuua mtu. Ukimlinganisha na Stanley, au na Carl Peters aliyepita Bonde la Ufa miaka michache baadaye akimwaga damu, fahari hiyo ina uzito. Ni sehemu moja ya hesabu yake tu. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto na Gwandu kutafuta mikataba kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza ya biashara. Mwaka 1888 alikuwa Morocco, akikwea vilele vya Atlas kwa furaha ile ile ya ujana. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga, nchi ya Msiri, akikusanya sahihi za machifu njiani. Ndui ikauvamia msafara wake, asifike. Mwaka uliofuata Msiri aliuawa na msafara mwingine, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Thomson alirudi Uingereza mapafu yake yakiwa yameharibika. Alifariki dunia mjini London Agosti 2, 1895, akiwa na umri wa miaka 37, akazikwa Thornhill, karibu na kijiji alichozaliwa. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo serikali ya Uingereza ilikuwa imeitwaa rasmi nchi aliyoiandika na kuiita Himaya ya Afrika Mashariki.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi ambayo yeye mwenyewe huenda asingaliamini. Sotoka na ndui zilikuwa zimekwisha kuangamiza ng'ombe na watu wa Umaasaini. Desemba 1901 reli ilifika Ziwa Viktoria, ikipita chini ya Longonot, mahali ambapo msafara wake ulilipa hongo ili kupita. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Naivasha na Nakuru kwa mkataba, wakapelekwa Laikipia na kusini mwa reli, wakiahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili na Laikipia nayo ikatwaliwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Baadhi ya waliohamishwa walikuwa wamewahi kulizunguka hema la Thomson wakiwa vijana. James Martin, yule baharia wa Malta, alikuwa ameishia kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, kituo chake kikiwa Eldama Ravine.

Swali la kiasi gani cha hayo kiwekwe juu ya mgongo wa Thomson limewagawa wanahistoria. Hakuitawala nchi, hakumiliki shamba, wala hakuishi kuona walowezi wakifika. Lakini maelezo yake ya nyanda baridi zenye majani mengi na watu wachache, aliyoyaandika kwa moyo wa mtu anayependa mandhari, yalisomwa na watu waliokuwa wakitafuta ardhi. Uasin Gishu aliyoikuta tupu ilikuwa tupu kwa sababu ya vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, miaka si mingi kabla yake. Wasomaji wa London hawakuwa na haja ya kujua hilo.

Baada ya uhuru, mji uliokuwa ukiitwa Thomson's Falls ulirudishiwa jina la Nyahururu, ingawa maporomoko yenyewe bado huitwa kwa jina lake kwenye vibao vya watalii. Safu ya Aberdare inaitwa pia Nyandarua. Longonot hakuupa jina lolote. Aliuandika kama alivyousikia kwa wenyeji, akikosea herufi kidogo. Tangu mwaka 1983, miaka 100 kamili baada ya yeye kuukalia ukingo wake, mlima huo ni mbuga ya kitaifa, na anayetaka kupanda huandikisha jina lake langoni kabla jua halijawa kali.